Nataka kufunga kamera ya kurekodi vimondo hapa Vwawa, nianzie wapi?

MwalimuWaMbozi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari, naishi Vwawa, mkoani Songwe. Wengi mnaijua Mbozi kwa sababu ya kimondo kile cha kilima cha Marengi, pande la chuma la tani 16 hivi. Kila mwaka nawapeleka vijana wa kidato cha tatu kukiona. Wanakizunguka, wanakipapasa vile vishimo vyake, wanapanga foleni kupiga picha pale palipokatwa kwa msumeno enzi za mkoloni. Halafu linakuja swali lile lile: kilianguka lini, na kilitoka wapi? Nawaambia ni zamani mno, maana hata masimulizi ya wazee hayakumbuki siku kilipoanguka. Kwa mtoto mwenye akili inayochemka hilo si jibu, na mimi mwenyewe haliniridhishi.

Kwa hiyo nimewaza hivi: cha Marengi kimeshatupita, lakini vingine vinapita juu ya vichwa vyetu kila usiku. Nasikia ughaibuni watu wa kawaida wanafunga kamera majumbani, zinakesha zikitazama anga, na asubuhi wanajua kimondo kimetokea pande zipi za angani. Nataka klabu yetu ya sayansi ifanye hivyo.

Hali yangu: nyumba ni ya bati, iko pembeni kidogo ya mji, upande wa kaskazini hakuna taa za barabarani. Umeme upo ila hukatika, hasa kipindi cha mvua. Intaneti ni ya bando la simu. Nina laptop ya zamani inayofanya kazi. Duka moja la Mbeya limenipa bei ya seti ya CCTV, kamera nne na DVR yake, ile mashine ya kurekodi. Mfuko wa klabu pamoja na wa kwangu hauvuki laki saba.

Naomba mnisaidie: CCTV ya kawaida itafaa? Kamera ielekezwe wapi? Na je, kituo kimoja peke yake huku Songwe kina maana yoyote?

---

NyotaZaTukuyu

Mwalimu, salaam kutoka Bristol, Uingereza. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, hivyo swali lako limenigusa kama la nyumbani. Nina kamera mbili ukutani kwangu, ziko chini ya UK Meteor Network, mtandao wa watu wa kamera za vimondo wa huku, na data zake zinakwenda Global Meteor Network, ule wa dunia nzima. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua hayo mengine yote.

Kamera moja itakupa picha. Nzuri, utaipenda, vijana wataishangilia. Ila haitawajibu swali lao. Kamera inajua kitu kiko upande gani, haijui kiko mbali kiasi gani. Ule mstari wa mwanga kwenye picha yako unaweza kuwa umepita juu ya Tunduma au juu ya Sumbawanga, na picha yenyewe haisemi. Ikiwepo kamera ya pili, mahali pengine, nayo imekiona kimondo kile kile kwa sekunde ile ile, hapo hesabu inafunguka. Kila kamera inakupa bapa moja (kama karatasi iliyonyooka) linalopita kwenye jicho lake na kwenye mstari wa mwanga, na mabapa mawili yanapokatana ndiyo njia halisi ya kimondo angani, kwa kilomita. Vijana wako wa kidato cha tatu wanaweza kuichora kwa uzi na vijiti darasani.

Baada ya hapo kasi ni rahisi. Kamera inapiga fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde. Vimondo vya Geminidi vya Desemba vinaingia kwa kilomita 35 kwa sekunde, maana yake kati ya fremu na fremu kimondo kimesogea kilomita 1.4. Ukiwa na njia, kasi na saa sahihi, unaondoa mvuto wa dunia na unarudisha nyuma mzunguko wake kulizunguka jua. Hapo unaweza kumwambia mwanafunzi bila kusitasita: hiki cha tarehe 6 Mei ni chembe iliyoachwa na kometi ya Halley.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, tafuta mwenzako. Vimondo vingi huwaka kati ya kilomita 120 na 70 kwenda juu, na umbali unaofaa kati ya vituo viwili ni kama kilomita 50 hadi 200. Mbeya mjini ni karibu kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, inafaa, ila taa ni nyingi. Sumbawanga inakaribia 200, iko ukingoni. Mimi ningetafuta mtu wa Chunya. Ni kama kilomita 85 kutoka kwako, anga yake ni kavu, na ramani inakubali vizuri mno. Chukua ramani uweke alama sehemu ya kusini ya Ziwa Rukwa. Kutoka Vwawa hapo ni karibu kilomita 100, kaskazini ukiegemea magharibi. Kutoka Chunya nako ni karibu kilomita 100, ila kuelekea magharibi. Sasa wazia nukta iliyo kilomita 100 juu ya maji yale. Ninyi wawili mtaiona kwa nyuzi 45 kutoka upeo wa macho, kutoka pande mbili zinazopishana kwa karibu nyuzi 50. Mistari ikikatana kwa pembe pana namna hiyo, jibu linatulia. Ikikatana kwa pembe nyembamba, kosa dogo la pikseli linageuka kilomita nzima.

Na bahati nzuri, wewe umesema kaskazini kwako hakuna taa.

Kuhusu CCTV ya duka: usinunue ile seti. Zile kamera zina taa za infraredi kuzunguka lenzi. Usiku zinaangaza vumbi na wadudu, na mwanga unarudi kwenye kioo. Zinajibadilishia zenyewe mwangaza na kasi ya picha kila dakika, wakati wewe unataka kila kitu kitulie vile vile usiku kucha ili nyota ziweze kupimwa. DVR nayo inabana video mpaka vitu hafifu vinafutika. Ukiiwekea irekodi panapotokea mwendo, kimondo cha nusu sekunde kimeshazimika kabla haijaamka.

Unachohitaji ni bodi ya kamera ya IP yenye kihisi cha Sony IMX291 au IMX307, vinavyosoma mwanga hafifu vizuri, na lenzi ya milimita 3.6 au 4 yenye tundu pana. Lenzi ya 3.6 inakamata nyuzi 88 kwa upana na 48 kwa kimo. Ukiielekeza nyuzi 45, picha yako inaanzia karibu nyuzi 21 juu ya upeo, kwa hiyo taa za mji zinabaki nje. Kamera inakaa kwenye boksi lisiloingiza maji lenye kioo mbele. Waya mmoja wa mtandao unapeleka umeme juu na kuleta picha chini, hadi Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyoko ndani ya nyumba. Programu inaitwa RMS, ni ya bure, iliasisiwa na Denis Vida na wenzake. Jua likishazama inaanza yenyewe, inabana kila fremu 256 kuwa faili moja (ni sekunde kumi na kidogo), inatafuta vimondo, alfajiri inaacha. Usiku wa saa 12 unakula karibu gigabaiti 15, kwa hiyo nunua kadi ya gigabaiti 128, ya aina inayovumilia kuandikwa mfululizo. Faili za zamani inazifuta yenyewe.

Ukiagiza vipande na kuunganisha mwenyewe, laki saba inaweza kutosha, ila itabana kwenye usafiri na ushuru. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu kuliko kwenye ufundi.

Sasa jambo ambalo nakusihi ulishike: saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa ndani. Umeme ukikatika na intaneti ikiwa imelala, ikiwaka tena haijui ni saa ngapi, na inaendelea kurekodi kwa saa ya uongo. Picha zitakuwa nzuri na zitakuwa hazina kazi, kwa sababu kimondo chako hakitafanana saa na cha mwenzako wa Chunya. Huku kwetu watu hawalifikirii sana kwa kuwa intaneti ya nyumbani haizimi ovyo. Kwako ni la kwanza. Weka kifaa kidogo cha GPS kwenye ile Pi. GPS inachukua saa kutoka kwenye satelaiti, haijali bando lako limeisha au la.

Msimu: vimondo huja kwa makundi, kila kundi na tarehe zake. Usiivizie Agosti ya kundi la Perseidi wanayoisifia watu wa huku. Kutoka latitudo yenu ya kusini, mahali angani vinapoonekana kuchomozea hapapandi hata nyuzi 25 juu ya upeo, vitakuwa vichache. Vyenu ni vya kometi ya Halley mwanzoni mwa Mei, saa tisa usiku hadi alfajiri, mvua zikiwa zimeisha, kisha Delta Akwaridi za Kusini mwishoni mwa Julai. Oktoba kuna Orionidi, navyo ni vya Halley vile vile. Geminidi ni vingi kuliko vyote lakini Desemba ninyi mko kwenye mawingu.

Vituo vya mtandao huu duniani vimepita 1,000, na sehemu kubwa iko Ulaya na Amerika Kaskazini. Anga ya kwenu haina macho ya kutosha. Kituo cha Vwawa na cha Chunya vikishirikiana havitakuwa mapambo.

---

FundiWaya_Mbeya

Mwalimu, heshima yako. Mimi nafunga kamera za ulinzi Mbeya na Mbalizi, vimondo nimeanza kuvisoma kwenye uzi huu. Dada wa Bristol ameeleza vizuri, lakini CCTV tusiitupe kabisa. Nimesoma habari ya Botswana, tarehe 2 Juni 2018: kile kijiwe kilichopewa jina 2018 LA kilionekana na darubini ya Arizona saa chache tu kabla hakijaingia angani, na kamera za ulinzi za watu wa Botswana na Afrika Kusini ndizo zilizosaidia kujua kimepita wapi. Wakaenda kutafuta Kalahari, wakaokota vipande. Kwa hiyo duka lenye CCTV inayoona kipande cha anga, saa yake ikiwa sahihi, lina msaada siku kikipita kikubwa. Ila kwa kazi ya kila usiku nakubaliana naye.

Nije kwenye ufundi, maana huko ndiko mnakoibiwa.

Waya. Madukani kuna waya wa mtandao wa bei rahisi ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa picha tu utafanya kazi. Kwa kupeleka umeme mpaka juu ya nyumba unapoteza nguvu njiani, kamera inazima usiku wa manane na hujui kwa nini. Kwarua ncha kwa wembe kabla hujalipa: ikigeuka nyeupe, acha. Nunua shaba tupu hata kama ni mita chache.

Usifunge kamera kwenye bati. Bati linatanuka mchana, usiku linajikunja, na upepo wa Vwawa wa mwezi wa saba unalipiga. Nimeelewa kwamba nyota zinatakiwa zikae pikseli ile ile, basi funga kwenye ukuta wa tofali, kwa bomba la chuma lenye bolti mbili. Waya kabla ya kuingia kwenye boksi uuache ulegee chini ya tundu ndipo upande kuingia, ili maji yadondoke pale chini yasifuate waya ndani. Silikoni uipake kuzunguka, ila usizibe kila kitu mpaka mvuke ukafungiwa ndani. Tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uvibadilishe kila msimu.

Buibui watakuja, kamera zote za nje wanazipenda. Brashi laini kwenye fimbo ndefu, mara moja kwa wiki, mpe kijana mmoja wa klabu awe na zamu. Kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha hawana dawa, usiku huo uhesabu umepotea.

Radi ni hatari ya kweli huko kwenu. Bomba lipigiwe ethi yake, na kati ya waya wa nje na vifaa vya ndani weka kizuizi cha radi cha waya wa mtandao. Kama bajeti haitoshi, mnapoona wingu limejaa chomoeni.

Umeme: vifaa vyote hivyo sidhani kama vinafika wati 10 kwa wastani. Kwa siku nzima ni kama wati-saa 240, yaani Ah (ampea-saa) 20 kwa volti 12. Betri ya sola ya Ah 100 na paneli ya wati 150 zinakubeba hata siku mbili za mawingu. Ya gari usiweke, itakufa kabla ya mwaka. Ukinipa nauli na chakula, kazi ya kufunga sitakutoza, nataka na mimi nione.

---

Kijana_Chunya

Shikamoo Mwalimu. Shikamooni wote.

Mimi natengeneza simu Chunya mjini. Nyumba ya baba ina sola tayari, ya kutosha taa, TV na friji ndogo. Upande wa magharibi hakuna kitu, ni pori tu mpaka macho yanapoishia. Usiku wa kiangazi nyota ni nyingi mno na vimondo naviona nikiwa nimekaa tu nje. Linux naijua kiasi, kulehemu najua. Mzee nimemwomba, amekubali nitumie ukuta wa nyuma.

Maswali yangu ni mawili. Bando: hizo gigabaiti 15 kila usiku nitazirusha vipi kwa laini ya simu? Na moshi: wakati wa kuandaa mashamba, mwezi wa tisa na wa kumi, moshi wa moto wa porini unafunika huku kote. Itaona?

---

NyotaZaTukuyu

Marahaba mwanangu, na ahsante sana. Hujui umefanya jambo kubwa kiasi gani.

Gigabaiti 15 hazitoki nyumbani kwako. RMS inapeleka faili zenye vimondo tu na muhtasari wa usiku, na unaweza kuipangia ipeleke saa ambayo bando la usiku ni rahisi. Intaneti ikikosekana siku mbili tatu, faili zinasubiri kwenye foleni. Moshi utawala nyota hafifu, vimondo vikali vitapita. Usizime kituo kwa ajili ya moshi. Programu inapima nyota ngapi inaziona kila usiku, na hiyo nayo ni data.

Fundi, la Botswana umenikumbusha la kwetu huku. Tarehe 28 Februari 2021 usiku, kimondo kikali kilipita na kamera nyingi zikakinasa, za mitandao ya vimondo na hata za milangoni kwa watu. Vipande viliokotwa Winchcombe, Gloucestershire, vya kwanza kwenye njia ya gari nje ya nyumba ya watu. Kwa sababu njia yake ilishapimwa, ilijulikana kimetoka ukanda wa asteroidi, kati ya Mirihi na Mshtarii. Hilo ndilo ninalolitamani kwa Mwalimu. Siku kipande kikianguka Songwe au Rukwa, mtoto akiuliza kimetoka wapi, pawepo na jibu lenye namba.

Mwalimu, vifaa vikiwa bado njiani msikae bure. Data za Global Meteor Network ziko wazi kwa yeyote, zinawekwa mpya kila siku. Pakua za mwezi mmoja kwenye hiyo laptop yako ya zamani. Kila mstari ni kimondo kimoja: saa, kasi, kimo kilipowakia na kilipozimikia, umbo la mzunguko wake, na herufi tatu za kundi lake. ETA ni vile vya Mei vya Halley, GEM ni Geminidi. Waambie vijana wachore grafu ya kasi dhidi ya kimo cha kuwakia. Wataona wenyewe kwamba vya kasi vinawaka juu zaidi.

---

MwalimuWaMbozi

Nimesoma yote, na nimewasomea vijana jioni hii. Nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Seti ya CCTV nimeiacha. Kijana wa Chunya, tuagize bodi za kamera mbili kwa pamoja, usafiri tugawane. Nitakupigia tukishapeana namba kwa ujumbe wa faragha. Fundi, bomba na bolti nimeshapata kwa jirani, na ukuta wa kaskazini ni wa tofali za kuchoma. Wembe nitakuja nao dukani.

Dada, moja la mwisho. Kamera ikishafungwa, nitajuaje imeelekea hasa pale tulipopanga juu ya Rukwa? Dira ya simu naiona inayumba karibu na bati.

---

NyotaZaTukuyu

Dira ikuelekeze kwa makadirio tu, uisomee hatua kadhaa mbali na nyumba. Kazi halisi inafanywa na nyota. Usiku wa kwanza usio na mawingu fungua SkyFit2, imo ndani ya RMS. Inakuonyesha picha yako pamoja na orodha ya nyota za katalogi. Unachagua nyota kwenye picha, unazioanisha na za katalogi moja moja, ukitawanya hadi kwenye pembe za picha, maana lenzi pana inapinda zaidi huko. Kabla ya hapo jaza latitudo, longitudo na kimo cha nyumba kutoka usawa wa bahari kwa usahihi wa mita chache, usikadirie. Ukimaliza programu itakuambia kamera imeelekea wapi na makosa ni kiasi gani. Faili hiyo inaitwa platepar. Nitumie ya kwako, na kijana anitumie ya kwake, nitaziweka kwenye ramani moja tuone zinavyopishana juu ya ziwa. Bolti msizikaze mpaka niwajibu.

Na ombeni namba ya kituo mapema, kila mmoja ya kwake. Zitaanza na TZ.